Jibu: Mpiganaji wangu wa tatu anakufa upesi, KOF '98 (The King of Fighters '98, mchezo wa video wa mapigano wenye timu za watu watatu)
Habari mkuu. Unasema wa kwanza anapigana vizuri, ila wa tatu akiingia anamalizwa haraka. Angalia kwanza umechagua mfumo gani kati ya miwili, Advanced au Extra. Kwenye Advanced, nguvu za mapigo makubwa alizoacha wa kwanza anazirithi anayefuata, na kila ukipoteza mtu akiba ya nguvu hizo inapanuka: mwanzo vipande 3, kisha 4, kisha 5. Kwa hiyo mpiganaji anayetumia nguvu nyingi kama Iori mweke mwisho. Mimi naanza na mpiganaji Goro Daimon, akimkamata mtu na kumbwaga anaumiza bila kugusa akiba. Kwenye Extra hesabu hiyo haipo, unajaza mwenyewe kwa kushikilia vitufe.

Na punguza kuruka juu! Gusa kijiti na uachie hapohapo, utapata mruko mfupi. Ule mrefu mpinzani anauona mapema, anakudaka ukiwa bado hewani.