Barua kwa mwanangu: anayekuuma usiku huyo ni papasi, sio mbu

Mwanangu mpendwa, shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Umeniuliza upulize dawa gani maana chandarua unacho na bado unaamka na madoa mekundu kiunoni na miguuni, na ukiwasha tochi humwoni mdudu hata mmoja. Nilivyosikia tu kwamba umepanga chumba kwenye nyumba ya tembe huko Kongwa, sakafu ya udongo, na chumba kilikaa kitupu muda mrefu kabla yako, nikajua. Hao ni papasi, jamii ya kupe. Miaka yote niliyokuwa bwana afya huo ukanda wa Dodoma hao ndio walionisumbua kuliko mbu.

Papasi anaishi kwenye nyufa za ukuta na vumbi la sakafuni, usiku anatoka, anakunywa damu kama nusu saa hivi alafu anarudi zake, ndo maana humkuti. Leo saa tano usiku inua ule mkeka ulio ukutani, chokoa udongo taratibu na kijiti, utaona kitu cha rangi ya udongo, ngozi imekunjamana, ukimwangalia kwa juu kichwa hakionekani, na akiguswa anatulia kama amekufa. Akishiba anavimba kama punje ya maharage. Na usidanganyike kwamba chumba kilikuwa kitupu, huyu anakaa miaka bila kula anasubiri mtu tu.

Usimpasue kwa kucha, na usijikune. Maji yanayomtoka mwilini nayo yana vijidudu vya homa ya papasi vinapita kwenye mchubuko, we osha kwa sabuni. Mwaka 1905 daktari mmoja Mwingereza, Dutton, alikuwa Kongo anaichunguza homa hiyo hiyo, ikamuua, na kijidudu chenyewe kikapewa jina lake. Kwa hiyo mama usiichukulie poa.

Sasa sikiliza hapa maana ndipo watu wanapopotea. Homa hii inapanda kwa nguvu, kichwa kinauma, viungo vinauma, siku chache inaisha yenyewe unasema nimepona, alafu baada ya wiki hivi inarudi tena. Kile kipimo cha malaria cha kutoboa kidole hakiioni, na dawa mseto haiitibu hata umalize dozi. Ukienda zahanati sema mwenyewe, nalala kwenye nyumba yenye papasi, naomba damu iangaliwe kwa darubini. Ikionekana inatibika vizuri tu kwa antibayotiki. Na huyo mke wa mwenye nyumba uliyesema ni mjamzito mwambie asilale chini kabisa, kwa mjamzito homa hii ni hatari sana, inaweza kuua mtoto tumboni.

Kitanda kivute mbali na ukuta, godoro lisiguse chini, shuka zisiburuzike, chandarua kichomeke chini ya godoro pande zote. Miguu ya kitanda iweke kwenye makopo yenye maji, juu mwagia mafuta ya kula kidogo mbu wasizaliane humo. Kupuliza dawa hewani ni kupoteza hela, dawa inatakiwa iingie ndani ya nyufa, mwone bwana afya wa kata akuelekeze ipi na kiasi gani. Chandarua usikiache, mbu wapo pale pale, ila ukikifua anika kivulini maana jua linaua dawa yake. Na kwa funza wa miguuni, vaa viatu, basi.

Dawa ya kweli ni sakafu ya saruji na kuta kupigwa lipu hadi chini, pasiwe na ufa. Ongea na mwenye nyumba wiki hii, mwambie saruji nanunua mimi, yeye atoe fundi na mchanga. Akikubali nibip ntakutumia hela siku hiyo hiyo, akikataa tafuta chumba kingine hata kama ni mbali kidogo na shule. Mama yako anakusalimia.

Baba yako