Faili la kamera: lisikilize kabla hujaligeuza

Mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii nilipoteza kiapo cha bwana harusi. Kamera ilikuwa Sony ya XDCAM, zile zinazorekodi faili za video za aina ya MXF kwa megabiti 50 kwa sekunde. Chaneli ya kwanza tuliiachia maiki ya kamera, ya pili tukaunganisha maiki ndogo iliyobandikwa kwenye koti la bwana harusi. Usiku nikarudi studio, nikageuza faili zote kuwa MOV kwa ffmpeg, programu ya kugeuza video inayoendeshwa kwa amri za kuandika, nikafungua klipu mbili tatu: picha safi, sauti ipo. Nikafuta kadi, maana kesho yake kulikuwa na kazi nyingine. Jumatatu naanza kuhariri, nasikia feni za kanisani, mtoto analia, na kwa mbali sana mtu anaapa. Maiki ya koti haikuwemo kabisa.

Nikaweka kinanda juu ya kiapo. Mama mkwe alikisifu kile kinanda. Bibi harusi hakusema neno.

Wala ffmpeg haikukosea. MXF ya kamera zile kwa kawaida hubeba sauti katika njia nne zinazojitegemea, kila moja mono. Usipoiambia kitu, ffmpeg huchukua njia moja ya picha na moja ya sauti, basi. Huandika kwenye maelezo yake ni njia ipi imechukua, lakini nani husoma maandishi yale saa nane za usiku? Siku hizi siandiki amri yoyote bila kuweka -map 0:v -map 0:a, yaani beba picha yote na sauti zote. Nawe izoee hata kwa klipu ya majaribio.

Mdogo wangu, kabla hujauliza unageuzaje, uliza unageuza kwa nini. Wanaoanza wengi huambiwa kwamba picha ya kamera kubwa lazima igeuzwe kwanza. Ushauri huo ulikuwa na maana enzi za Final Cut Pro 7, programu ya kuhariri ambayo haikuweza kuhariri moja kwa moja AVCHD, mfumo wa kurekodi wa kamera nyingi ndogo. Ilibidi uipitishe kwenye dirisha lake la kuingizia, itoke ProRes, aina ya video iliyotengenezwa kwa ajili ya kuhariri. Programu za kuhariri za leo kama Premiere Pro, EDIUS na DaVinci Resolve zinasoma MXF za kamera nyingi bila wewe kugusa kitu. Ingiza faili lilivyo, likicheza vizuri na sauti zote zipo, anza kazi. Nimeona vijana wakikesha wakigeuza picha ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

Likigoma, tofautisha chakula na chombo. MXF, MOV, MP4 na MTS ni vyombo. Ndani yake ndiyo kuna kodeki, yaani jinsi picha ilivyobanwa: MPEG-2, H.264, ProRes na nyinginezo. Kuhamisha wali kutoka sufuria kwenda hotipoti hakuubadilishi wali, na ni kazi ya dakika chache. Kubadilisha kodeki ni kupika upya: kunachukua muda, na ukikosea moto huurudishi. Matatizo mengi ninayoletewa ni ya chombo, au ya sauti peke yake.

Mfano ninaokutana nao zaidi ni wa kamera za AVCHD. Picha inaingia, sauti kimya. Sababu yake mara nyingi ni kwamba sauti ya AVCHD huwa imebanwa kwa kodeki ya AC-3 ya Dolby, na si kila programu ya kuhariri, kwenye kila kompyuta, inaifungua. Picha haina kosa lolote, basi usiiguse:

ffmpeg -i 00000.MTS -map 0:v -map 0:a -c:v copy -c:a pcm_s16le 00000.mov

Hapo picha inanakiliwa kama ilivyo, sauti pekee ndiyo inageuzwa kuwa PCM, yaani sauti isiyobanwa. Kasi yake inategemea zaidi diski yako kuliko prosesa.

AVCHD ina mtego mwingine. Klipu ndefu hukatwa vipande kamera inapofika kikomo cha ukubwa wa faili, GB 2 au 4 kulingana na kamera. Mwenye haraka huzama kwenye folda za kadi, PRIVATE, AVCHD, BDMV, STREAM, akachota faili za MTS peke yake. Halafu kwenye hotuba ya dakika arobaini anasikia sauti inaruka pale vipande vinapokutana. Taarifa za kuunganisha vipande hivyo zimo kwenye folda alizoziacha. Nakili kadi nzima ilivyo, na majina yake yasiyosomeka, kisha uifungue kupitia dirisha la midia la programu yako. Kwa kadi za P2 za Panasonic ndiyo usithubutu kuchambua: picha iko folda moja, sauti folda nyingine.

Kupika upya kuna siku yake. H.264 na MPEG-2 za kamera nyingi hazihifadhi kila fremu kamili. Huweka moja nzima, zinazofuata zinaeleza mabadiliko tu. Ndiyo maana laptopu dhaifu inakwama ukiburuta kwenye taimulaini. ProRes na DNxHR, kodeki za kuhariria, huhifadhi kila fremu kivyake, kompyuta inapumua. Gharama yake ni nafasi. Saa moja ya AVCHD ya megabiti 24 ni karibu GB 11. Ikiwa ProRes 422, HD ya fremu 25, inakuwa karibu GB 55. Na picha haiongezeki ubora hata chembe, unanunua wepesi tu.

Mimi kwa mashine dhaifu napendelea proksi, nakala ndogo za kuhariria, kisha kazi ya mwisho inatoka kwenye faili halisi. Ukizitengeneza nje ya Premiere, hakikisha idadi ya chaneli za sauti inalingana na ya faili la asili, la sivyo itakataa kuziunganisha. Ugonjwa uleule wa kiapo, ila hapa angalau unaambiwa.

HandBrake ni programu nzuri ya kumtengenezea mteja nakala ya kutazama kwenye simu. Si ya kuandaa picha za kuhariri: inabana tena kilichokwisha kubanwa, nawe utakuja kubana mara ya tatu unapotoa kazi. Angalia rangi za gauni jeupe kwenye kivuli, utaona mabaka.

Kuhusu mistari kama meno ya kitana mtu anapocheza: kamera imerekodi 50i, yaani nusu-picha 50 kwa sekunde, mistari ikipishana. Kama kazi inakwenda kwenye televisheni inayorusha 50i, iache hivyohivyo. Kama ni ya YouTube, iondoe mara moja tu, mwishoni. Kichujio cha ffmpeg kiitwacho bwdif kinaifanya kazi hiyo vizuri.

Kadi siifuti siku hizi mpaka nakala ziwe kwenye diski mbili. Nahesabu klipu za kwenye kadi na za kwenye diski, nalinganisha muda wa ile ndefu kuliko zote. Kisha navaa hedifoni, naingiza klipu ya katikati ya shughuli kwenye taimulaini, na kusikiliza chaneli moja baada ya nyingine, nikizima zingine. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, hata zile ninazojua ni tupu.