Msipandikize besi ziwani: ninayoyaona Naivasha

Mkuu mleta mada, umeuliza kama wewe na wenzako mnaweza kumwaga vifaranga vya besi (samaki wa kigeni, bass kwa Kiingereza) kwenye ziwa la kwenu ili watalii waje kuvua kwa ndoano. Mimi kazi yangu ni boti hapa Ziwa Naivasha, Kenya, nimebeba wageni wa aina hiyo miaka mingi. Nakuomba msimwage.

Besi ni raha kumvua, sitamsingizia. Akinasa anaruka juu ya maji akitikisa kichwa, mgeni anapiga kelele kama mtoto. Aliletwa kutoka Marekani 1929 kwa ajili ya mchezo huo. Lakini yule anakula samaki wenzake, na samaki wa asili wa Naivasha alikuwa kisamaki kidogo tu, ambacho hakijaonekana tena tangu 1962. Hata ngege tunaowala hapa ni wa kuletwa.

Halafu kiumbe mgeni mmoja huvuta mwingine. Mwaka 1970 akaletwa kreifishi, yule kamba mwekundu wa Louisiana. Besi wakubwa walimfurahia sana, ukipasua tumbo unakuta magamba yake. Ila kreifishi hukata mimea ya majini, na mayungiyungi yaliyokuwa yametanda ukingoni, ambako samaki wadogo hujificha, yakatoweka. Hata samaki aliyenasa kwenye nyavu, kreifishi humtafuna kabla mvuvi hajafika. Inaniuma, maana mvuvi wa nyavu hakuulizwa na mtu.

Karpu, samaki mwingine wa kigeni, hakupangwa kabisa. Aliingia mwanzoni mwa miaka ya 2000 kupitia mto Malewa, na ndani ya muongo mmoja akawa ndiye samaki anayetolewa kwa wingi zaidi. Amelisha watu, nakubali. Lakini huchimbua tope akitafuta chakula, maji yanachafuka, na besi huwinda kwa macho. Kwa hiyo hata ule mchezo wenyewe umeharibika.

Usidanganywe na wazo la kuwafuga besi kwenye bwawa la pembeni ya ziwa. Mvua kubwa ikifurika, samaki wa bwawani anafuata mto, na akishaingia ziwani hakuna wavu wa kumtoa wote. Kisha Kenya kupandikiza samaki mgeni bila kibali ni kosa la kisheria.

Taja ziwa lenu na samaki waliomo. Kama kuna kambale au kuyu, hao wanavuta mshipi vizuri sana, na nitakueleza chambo na saa za kuwatafuta.