Kuanza mazoezi ya nguvu ukiwa umeshavuka arobaini

Mkuu, umeuliza mengi kwa mpigo, nami nitajaribu kuyagusa yote. Una miaka 43, kazi yako ni ya kukaa, ngazi zinakukata pumzi, mgongo unalalamika jioni. Hutaki kuwa baunsa, unataka mwili wenye nguvu za kawaida. Unauliza ufanye mazoezi gani, siku ngapi, kama ni lazima jimu, unga wa protini ununue au uache, magoti yanayolia yana shida gani, na kama muda haujakupita. Nakujibu kwa yale ninayoyafanya mwenyewe miaka kadhaa sasa, na kwa niliyoyaona kwa ndugu na majirani niliowaanzisha, mama yangu mzazi akiwa mmoja wao.

La umri tulimalize haraka. Mwaka 1990 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowachukua wazee 10 kutoka kwenye makao ya kutunzia wazee, wastani wa umri wao miaka 90. Walifanyishwa mazoezi ya miguu kwa wiki 8, tena kwa uzito wa maana, si wa kubembelezana. Nguvu za mapaja yao zilipanda kwa wastani wa asilimia 174. Sasa wewe wa 43 unauliza kama umechelewa? Ila kama una presha, kisukari, tatizo la moyo, au uliwahi kufanyiwa upasuaji, pita kwa daktari kwanza umwambie unachotaka kuanza.

Siku ngapi: mbili zinatosha kuanzia, tatu ni nzuri zaidi, na kati ya siku na siku weka angalau siku moja ya kupumzika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unataka mtu mzima aimarishe misuli yote mikubwa walau siku 2 kwa wiki, mbali na zile dakika 150 hadi 300 za kutembea kwa haraka au mazoezi mengine ya pumzi. Zile ratiba za "Jumatatu kifua, Jumanne mgongo, Jumatano mikono" ziache. Ni za watu wenye miaka mingi kwenye vyuma, na wengi wao hawana kazi inayowakalisha kitako kutwa nzima. Mtu mpya akipewa ratiba ya siku sita, mimi huhesabu wiki tatu tu kabla sijaacha kumwona.

Mazoezi yenyewe si mengi. Mwili una njia chache za kutumia nguvu: kuchuchumaa na kuinuka, kuinama na kuinua kitu, kusukuma, kuvuta, na kubeba mzigo ukatembea nao. Chagua zoezi moja kwa kila njia, uyafanye yote siku moja, na keshokutwa urudie hayohayo. Ndiyo, hayohayo. Watu hupenda kubadilisha mazoezi kila wiki ili wasichoke, halafu wanashangaa hawaendelei. Ili ujue kama umepata nguvu ni lazima kuwe na kitu kilekile unachokipima.

Kuchuchumaa, yaani skwati: anza kwa kukalia kiti na kuinuka bila kutumia mikono. Shuka taratibu, makalio yaguse kiti bila kujitupa, kisha simama. Kisigino kisinyanyuke, na magoti yaelekee vidole vilikoelekea, yasigongane. Ikiwa rahisi, shika uzito kifuani kwa mikono miwili, chini ya kidevu. Huo uzito wa mbele utakusaidia kukaa wima, ndiyo maana watu wengi huchuchumaa vizuri wakiwa na dambeli, kile chuma kifupi cha kushika mkononi, kuliko wakiwa mikono mitupu.

Kusukuma ni pushapu, lakini usianzie sakafuni kama huziwezi. Anza ukiwa umeegemea ukuta, shuka kwenye meza imara, kisha kwenye benchi, mwisho sakafuni. Hizi za juu ni bora kuliko zile za magotini, kwa sababu mwili mzima unabaki umenyooka na unajifunza kukaza tumbo. Kuvuta: inama, egemeza mkono mmoja kwenye kiti, mwingine uvute uzito hadi usawa wa mbavu, kiwiko kiende nyuma karibu na mwili. Kubeba ni kubeba tu: uzito mikononi, mabega nyuma, tembea hadi viganja vianze kuchoka. Zoezi hili hudharauliwa mno, na ndilo linalofanana kabisa na maisha yenyewe.

Niliyoiacha makusudi ni kuinama, kwa sababu hapo ndipo mgongo wako ulipo. Wengi wetu tukiinama tunakunja kiuno. Kinachotakiwa kukunjika ni nyonga. Chukua mpini wa ufagio uuweke wima mgongoni, mkono mmoja uushike nyuma ya shingo, mwingine nyuma ya kiuno. Mpini uguse sehemu tatu: kisogo, kati ya mabega, na ule mfupa ulio juu ya mpasuko wa makalio. Legeza magoti kidogo, halafu peleka makalio nyuma, kama mtu mwenye mizigo mikono yote miwili anayefunga mlango kwa makalio. Kifua kitashuka chenyewe. Mpini ukiachana na sehemu mojawapo, umeshapinda, rudi juu uanze upya. Ukisikia nyuma ya mapaja panavuta kama panataka kukatika, hapo ndipo mwisho wako wa leo, hata kama hujafika popote. Mama yangu alikaa na mpini tu, bila uzito wowote, mpaka mwendo ule ukawa wake. Alipokuja kushika dambeli hakuna aliyelazimika kumwambia "nyoosha mgongo" tena. Nawe fanya hivyo, halafu ndipo ushike uzito, uushushe ukipita karibu kabisa na mapaja hadi chini kidogo ya magoti, na upande nao.

Hakuna ulazima wa jimu kwa miezi ya mwanzo. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo begi la mgongoni lenye chupa za maji ni uzito unaoujua na unaoweza kuuongeza. Udhaifu wa nyumbani ni kwamba miguu hukua kuliko begi. Ukifika hapo, jimu inalipa. Tahadhari moja tu: ile baa ndefu ya kawaida pekee, bila hata moja ya zile sahani za chuma zinazovishwa pembeni kuongeza uzito, ina kilo 20. Watu huiona tupu wakadhani si kitu. Kuna baa fupi nyepesi na dambeli, anza nazo, na mashine pia si dhambi. Mashine ya kuvuta kutoka juu, kwa mfano, ni msaada mkubwa kwa asiyeweza kuning'inia kwenye chuma cha juu akajivuta.

Sasa uzito kiasi gani. Hapa ndipo maneno huwa mengi na jibu ni fupi: chagua uzito unaoweza kuunyanyua mara 8 hadi 12, na unapoweka chini uwe unajua ungeweza kuongeza mara mbili au tatu zaidi kwa mwendo uleule safi. Hiyo ni seti moja. Pumzika dakika 2, au 3 kwa skwati, kisha fanya nyingine. Wiki mbili za kwanza seti 2 kwa kila zoezi, baadaye 3. Ukiona marudio ya mwisho yanapungua kasi bila wewe kutaka, uko karibu na ukingo, na kwa mtu mpya hapo panatosha kusimama. Kufanya hadi mikono itetemeke na chuma kikushinde hakuna faida utakayoipata wewe leo ambayo hukuipata marudio mawili nyuma.

Wiki ya kwanza itakuwa nyepesi hadi uone aibu. Acha iwe hivyo. Misuli huzoea haraka, kano na viungo huenda kwa mwendo wao wa pole, na aliyekimbilia uzito mkubwa mwezi wa kwanza mara nyingi huja kulalamika bega au kiwiko mwezi wa tatu.

Nguvu haiji kwa kurudia uzito uleule milele, ni lazima mzigo uongezeke kidogokidogo. Wazo hili lina historia ndefu. Miaka ya 1940 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alilitumia kuwarudishia nguvu askari waliojeruhiwa, na zile seti 3 za marudio 10 unazozisikia kila mahali zinatokana kwa kiasi kikubwa na kazi yake. Wewe fanya hivi: baki na uzito mmoja hadi seti zote zifike marudio 12. Zikifika, ongeza kiasi kidogo kabisa kilichopo, marudio yatarudi 8 au 9, na upande tena. Kwenye jimu tafuta zile sahani ndogo za kilo 1.25 ambazo hakuna anayezigusa. Nyumbani ni chupa moja zaidi.

Na yote haya yaandike. Daftari la kawaida, kalamu, basi. Ukurasa wangu huwa na mistari ya namna hii: "Skwati, kilo 16 kifuani: 12, 11, 9. Seti ya mwisho kisigino cha kushoto kilitaka kunyanyuka." Siku inayofuata sianzi kujiuliza nifanye nini; naona 9, nataka 10, na kisigino nakichunga. Wapo wanaotumia programu za simu, sawa, ila nimeona wengi wakifungua simu kuandika marudio wakaibuka robo saa baadaye kutoka kwenye ujumbe wa watu.

Pumzi: toa unapopanda, vuta unaposhuka. Usiibane kwa muda mrefu ukiwa unasukuma, kwa sababu presha hupanda ghafla, na mwenye presha tayari hilo si la kuchezea. Kabla ya kuanza, pasha mwili dakika 5 hadi 10 kwa kutembea haraka, kisha fanya seti moja nyepesi ya zoezi lenyewe.

Maumivu utayapata. Yale ya misuli kukaza na kuuma unaposhuka ngazi huanza kesho yake, mara nyingi huwa makali kati ya saa 24 na 72, halafu hupotea. Ni ya kawaida, hasa wiki ya kwanza, na kutembea huyapunguza kuliko kulala. Usiyafanye kipimo cha zoezi zuri, maana ukiendelea yatapungua ilhali nguvu inapanda. Maumivu ya kuchoma ndani ya kiungo, au yanayoshuka mguuni kwa ganzi, hayo ni mengine: simama. Kifua kubana, kizunguzungu, au mkojo kugeuka kahawia iliyokolea baada ya kujikamua kupita kiasi, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Matokeo: wiki za mwanzo utaongeza uzito haraka ilhali kioo hakionyeshi kitu. Hapo ni ubongo na mishipa ya fahamu vinajifunza kuiita misuli iliyopo ifanye kazi pamoja. Misuli yenyewe kukua hadi macho yaone huchukua miezi miwili, mitatu. Kitambi hakiondoki kwa kufanya mazoezi ya tumbo, mafuta hupungua mwili mzima kutegemea ulaji. Na kwa akina dada wanaosoma hapa wakiogopa kugeuka baunsa: hao mnaowaona wametuna wamekula na kufanya mazoezi kwa miaka mingi kwa nia hiyo, haitokei kwa bahati mbaya kwa siku tatu za wiki.

Unga wa protini ni chakula kilichokaushwa, si dawa. Kiwango kinachotajwa sana kwa anayenyanyua uzito ni gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mwenye kilo 70 ni kama gramu 112. Ukizipata sahanini, unga hauna kazi. Kati ya virutubisho vingine, kreatini, gramu 3 hadi 5 kwa siku, ndiyo pekee ambayo ningesema ina ushahidi wa kutosha, lakini kwa miezi mitatu ya kwanza hata hiyo huihitaji, na mwenye tatizo la figo amuulize daktari wake. Usingizi utakufanyia zaidi ya vyote hivyo. Mtu anayelala kwa saa tano tu kwa usiku halafu ananiuliza kirutubisho, namrudisha kitandani.

Ukiugua au ukisafiri ukakosa wiki mbili, usirudi palepale ulipoachia. Punguza uzito kwa robo hivi, fanya seti 2, na wiki inayofuata utakuwa umeshalikumbuka daftari lako.

Magoti sasa. Goti kulia tu, bila kuuma wala kuvimba, kwa kawaida si ugonjwa, endelea. Likiuma kidogo ukichuchumaa, weka kiti kirefu zaidi ili usishuke sana, kisha punguza kimo wiki baada ya wiki kadiri linavyokubali. Wengi huambiwa waache kabisa, wakati misuli ya mapaja yenye nguvu ndiyo inayolisaidia hilo goti kubeba mwili. Likivimba, likikwama, au likikuachia ghafla ukiwa umesimama, hilo mwone daktari wa mifupa kabla hujaongeza hata chupa moja kwenye begi, na kwa wakati huo endelea na kusukuma na kuvuta ukiwa umekaa.