Kabla ya Kuchora Hadithi ya Watu Ukutani

Nafanya kazi ya usanifu majengo huku Australia, na kamati za shule hunijia mara nyingi na ombi moja: "Tunataka kitu cha Kiaborijini, cha wenyeji wa asili wa nchi hii, kwenye jengo letu." Kwa kawaida linakuja jengo likiwa limekwisha, umebaki ukuta mtupu karibu na vyoo, na fedha ni za kuokoteza. Wazazi wenzangu kutoka Kongo, Burundi na Kenya mnaokaa kwenye kamati hizo, msianze kutafuta mchoraji. Tafuteni kwanza mwenye hadithi.

Mchoro wa Kiaborijini hubeba hadithi ya ardhi fulani, na hadithi hizi zina wenyewe. Kwa Wawarlpiri, jamii mojawapo ya Waaborijini, wapo walioirithi hadithi kwa upande wa baba, kirda, na wapo wanaofungamana nayo kwa upande wa mama, kurdungurlu, ambao huangalia kwamba inachorwa na kuimbwa inavyotakiwa. Kwa hiyo msanii wa Kiaborijini aliyetoka mbali hawezi kujichorea tu hadithi ya ardhi mnayosomeshea watoto, hata awe hodari vipi. Ulizeni shule imesimama kwenye ardhi ya akina nani, mwende kwa wazee wao, na wakisema hapana iwe hapana. Hadithi nyingine ni za wanawake peke yao, nyingine za wanaume waliotiwa jandoni. Hizo hazina nafasi kwenye ukumbi wa shule.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Yuendumu, Northern Territory. Katika miaka ya 1980 wazee watano wa Kiwarlpiri walichora milango 30 ya shule, ili watoto waijue sheria ya kwao. Nao watoto walikuwa watoto: waliikwaruza, wakaiandika majina. Mwaka 1995 milango hiyo ilichukuliwa na makumbusho ya South Australia, mikwaruzo na yote. Mimi naona ilikuwa na uhai zaidi pale shuleni, ikifunguliwa na kufungwa kila siku, kuliko mchoro wowote uliowekewa kioo.

Papunya, makazi mengine ya Waaborijini huko Northern Territory, mambo yalikwenda vingine. Mwaka 1971 wanaume wa pale walichora hadithi ya sisimizi wa asali kwenye ukuta wa shule, na kazi ile ikaanzisha harakati kubwa ya uchoraji. Miaka michache baadaye ukuta ukapakwa rangi, basi! Kwa hiyo andikeni kwenye mkataba kwamba hakuna fundi atakayegusa mchoro kabla msanii au familia yake haijaulizwa.

Fedha pia. Wazee walipwe kwa vikao, siyo chai na biskuti. Na kumlipa msanii hakuwapi hakimiliki: mkitaka mchoro kwenye fulana za shule, ombeni upya. Noti ya dola moja ya Australia ya mwaka 1966 ilitumia mchoro wa David Malangi, msanii wa Kiaborijini, bila yeye kujua. Baadaye akapewa dola 1,000, medali na vifaa vya uvuvi. Vifaa vya uvuvi, jamani.

Jambo dogo ambalo wakandarasi hulisahau ni kibao cha jina. Msanii akifariki, baadhi ya jamii hazitaki jina wala picha yake vionekane kwa muda. Ulizeni mapema, na kibao kifungwe kwa skrubu, kisigandishwe kwa gundi.