Speke "aligundua" ziwa, alimgundulia nani?

SWALI: "Mtaalamu salaam. Mimi ni mwalimu wa historia sekondari huku Kanda ya Ziwa. Juzi nimeandika ubaoni 'John Speke aligundua Ziwa Victoria mwaka 1858', mwanafunzi akanyoosha mkono akasema mwalimu, si babu zetu walikuwa wanavua sangara humo humo, sasa huyu kagundua nini? Darasa zima likacheka na mimi nikajikuta nacheka. Sasa naomba unisaidie, neno sahihi ni gundua au vumbua? Na tuseme uasi wa Maji Maji au vita vya Maji Maji? Na kabila je, maana kuna jamaa kaniambia ni tusi nisilitumie kabisa."

JIBU: Mwalimu, salaam na wewe. Huyo mwanafunzi mpe hongera zangu, ila na yeye mrekebishe kidogo, sangara kapandikizwa ziwani miaka ya 50 na 60, babu wa babu zake walikuwa wanavua furu, ngege, kambale, kamongo. Hoja yake lakini imesimama vizuri tu.

Kuhusu gundua na vumbua, kubadilisha moja uweke jingine hakutakusaidia. Vumbua siku hizi tumelipeleka zaidi kwenye kubuni kitu ambacho hakikuwepo, mvumbuzi wa simu, mvumbuzi wa chanjo, kwahiyo ukisema Speke alivumbua ziwa mtoto atadhani alilichimba. Na gundua lenyewe zamani lilikuwa na maana ya kumshtukiza mtu, kumwona yule aliyedhani haonekani, na harufu ya maana hiyo bado ipo ndo maana tunasema polisi wamegundua magendo. Sasa watu wa Mwanza mwaka 1858 walikuwa wamejificha wapi?

Mimi naona neno halina kosa, kosa ni kwamba limeachwa peke yake. Kiswahili chetu kina kitu kizuri sana kinaitwa kauli ya kutendea, ile ya -ia na -ea, pika ikawa pikia, leta ikawa letea, na gundua inakuwa gundulia. Hebu iandike ile sentensi ubaoni upya: "Speke aliwagundulia Waingereza ziwa." Umeona? Hapo hapo sentensi imekuwa kweli. Darasa litacheka tena lakini safari hii watakuwa wamejifunza sarufi na historia kwa pamoja, maana kitenzi sasa kimelazimishwa kutaja ni nani alikuwa hajui. Ukisema "aligundua" ukanyamaza, anayesoma anajaza mwenyewe kwamba lilikuwa halijulikani na mtu yeyote duniani, na hapo ndipo ile tabia ya kuitazama dunia nzima kutokea Ulaya inapopenya bila hata kubisha hodi.

Na ukifuata ilivyokuwa kweli ndo utaona hata "kugundua" kwenyewe kuna mashaka. Speke na Mwingereza mwenzake Burton walitoka pwani mwaka 1857 kwa njia ile ile ya misafara ya pembe na watumwa, wakafika Kazeh, ndo Tabora ya leo, wakapokelewa na mfanyabiashara Mwarabu anaitwa Snay bin Amir ambaye yeye mwenyewe alishawahi kufika Buganda. Huyu ndo aliyewaambia kuna ziwa kubwa kule kaskazini, kubwa kuliko la Tanganyika. Burton akabaki Kazeh anaumwa, Speke akaenda, na pamoja naye alikuwepo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mdogo, akapelekwa India, akarudi, mtu aliyekuja kuzunguka na Speke mara mbili, akaenda na Stanley kumtafuta Livingstone, akavuka bara na Mwingereza mwingine, Cameron. Mwanzoni mwa Agosti 1858 wakafika. Yaani ukitumwa dukani, ukaelekezwa kata kona ya pili, ukalikuta duka, unarudi nyumbani unasema nimegundua duka? Na lilikuwa na majina yake, Wasukuma wanaita Nyanza, Waganda Nalubaale, Wajaluo Nam Lolwe, watu wa misafara kutoka pwani walikuwa wanaliita Ukerewe kwa kile kisiwa. Yeye akaongeza la malkia wake.

Mfano mwingine ninaoupenda zaidi, kwa sababu una Kiswahili ndani yake. Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann anaelekea Uchagani, asubuhi anaona weupe juu ya mlima, anadhani ni wingu. Ameandika mwenyewe kwamba aliyekuwa anamwongoza njia alipoulizwa ule weupe ni nini alijibu kwa neno moja tu, baridi. Basi Rebmann ndo akajua ni theluji. Angalia hapo nani anajua na nani anajifunza! Halafu habari ilipofika London kuna mwanajiografia mmoja, Cooley, hajawahi kukanyaga huku, akakataa kata kata, theluji haiwezi kuwepo karibu na ikweta, akabishana miaka. Na vitabu vyetu mpaka leo vinaandika "mlima Kilimanjaro uligunduliwa mwaka 1848". Kauli ya kutendwa hiyo mwalimu, muwe nayo makini sana, uligunduliwa, lilianzishwa, ilifunguliwa, mtenda anafichwa na aliyetendewa pia anafichwa, inabaki tarehe tu imening'inia na mwanafunzi anaikariri.

Kuna na herufi moja nyingine ya kuchunga, ile a- ya nafsi ya tatu umoja. "Stanley alivuka Afrika mwaka 1874 hadi 1877." Alivuka, mmoja. Alitoka Bagamoyo na watu zaidi ya mia tatu, wapagazi, wanyapara, askari, wanawake na watoto wakiwemo, Wazungu walikuwa wanne na akafika Boma, mji ulio karibu na mlango wa mto Kongo, Agosti 1877 yeye peke yake kati ya hao wanne. Mbele ya misafara ya aina hiyo anatembea kirangozi, yeye ndo anajua njia na kisima kiko wapi, na maneno hayo, kirangozi, mnyapara, mpagazi, tunayo wenyewe hatuhitaji kuazima kwa mtu. Andika "msafara wa Stanley ulivuka", au "Stanley na wenzake walivuka", hamna kilichopotea.

Sasa kwenye mtihani mwambie mtoto aandike "Mzungu wa kwanza kufika" au "aliyepeleka habari za ziwa hilo Ulaya". Ni kweli, haina ubishi, na kila aliyesahihisha historia anaielewa. Kwa upande mwingine kuna jambo moja hatukulikosea hata kidogo, shule za msingi tulifundishwa kwamba waliotangulia walikuwa wapelelezi, wamisionari na wafanyabiashara. Wapelelezi! Sijui nani alilichagua neno hilo kwa explora, lakini Mungu ambariki.

Uasi na vita. Hili ni zito zaidi na ndo lingenifanya nikujibu hata kama usingeuliza mengine. Kuasi lazima umuasi mtu, na mtu huyo lazima awe na haki ya kutiiwa, mtoto anamuasi mzazi, muumini anamuasi Mungu, askari anaiasi serikali aliyoiapia. Kwahiyo ukiandika "uasi wa Abushiri" umeshakubali bila kujua kwamba Wajerumani mwaka 1888 walikuwa wazazi wa watu wa Pangani. Walikuwa kampuni! Kampuni iliyokodi ukanda wa pwani kwa sultani wa Zanzibar, ikafika Agosti ile na kupandisha bendera yake. Na Wajerumani wakaita "uasi wa Waarabu" kwa sababu zao, kansela wao Bismarck alitaka bunge litoe pesa, na vita ya kupinga biashara ya utumwa ya Waarabu ilikuwa rahisi kuuza bungeni kuliko vita ya kuokoa kampuni, wakati waliosimama na Abushiri ni watu wa mrima, yaani wa pwani, wa kila aina, na Bwana Heri wa Saadani naye kivyake. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889.

Sasa wenyewe waliita nini? Hapa ndo panapendeza. Hemedi bin Abdallah el Buhriy, mshairi wa huko huko Tanga, aliyeshuhudia mambo hayo, alitunga utenzi na tunaujua kwa jina la Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Soma jina taratibu. Vita, kisha Wadachi, ndo Wajerumani hao, na kitenzi ni kutamalaki, kujimilikisha, kutawala kwa nguvu. Mtenda ni Mdachi na kinachotamalakiwa ni mrima, hamna muasi humo. Na ya 1905 mpaka 1907 nayo ina utenzi wake, wa Abdul Karim bin Jamaliddini, tunauita Utenzi wa Vita vya Maji-Maji. Vita tena. Neno uasi kwa mambo haya ni tafsiri ya Aufstand ya Wajerumani na rebellion ya Waingereza, ilipitia kwenye mafaili ikaingia kwenye vitabu, wakati jina la Kiswahili lilikuwepo kabla. Kwahiyo andika vita vya Maji Maji bila wasiwasi, na kama mwanafunzi anataka kujua ilianzaje mpeleke Umatumbi, Nandete, watu wanang'oa pamba ya kulazimishwa Julai 1905, na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe ambaye Wajerumani walishamnyonga mwanzoni mwa Agosti na vita ndo kwanza inasambaa.

Hii haimaanishi uasi lifutwe kwenye historia yetu. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles kule kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi serikali yao wenyewe, hayo ni maasi na tuyaite maasi. Naona siku hizi kuna watu wakishapata dawa hii wanaimeza chupa nzima, kila aliyepigana na mtu ni mpigania uhuru, kila kilichobuniwa duniani kilibuniwa Afrika kikaibwa. Hapana. Hiyo ni kugeuza kiti tu, umetoka Ulaya umekaa upande wa pili unatazama kwa jicho lile lile.

Kabila sio tusi, huyo jamaa mwambie apunguze. Ni neno la Kiarabu tumekaa nalo miaka mingi na mtu akiuliza we kabila gani sio kila mara anakutukana (ingawa kwenye intavyuu ya kazi ni suala jingine). Shida ni mgawanyo. Wasukuma ni kabila na watu wa Iceland ni taifa, na Iceland nzima haifiki watu nusu milioni. Vita vya Ulaya ni vya mataifa, vya kwetu ni vya makabila, hata sababu zikiwa ni ardhi na njia za biashara kama kule. Hata kwenye vyuo ilikuwa hivyo hivyo muda mrefu, Mzungu anasomwa na sosholojia, Mwafrika anasomwa na anthropolojia, utadhani jamii ni za kule tu. Wakati Mombasa wenyeji walijiita Thenashara Taifa, mataifa kumi na mawili, Tisa Taifa na Thelatha Taifa, wengine ni wa vijiji tu, Changamwe, Kilindini, Jomvu, Mtwapa, na hawakumuomba mtu ruhusa kuitumia taifa. Kwahiyo tumia kabila, ila tumia kipimo kimoja. Ukiita mapigano ya Rwanda au ya Kongo "ya kikabila" na ya Balkani "ya kisiasa", jiulize tofauti umeitoa wapi.

Na chifu, ambalo hukuuliza lakini najua unalitumia, ondoa pale unapojua cheo chenyewe. Mirambo alikuwa mtemi, Rindi wa Moshi mangi, Mutesa kabaka. Wanafunzi wako wa Kisukuma wanajua mtemi ni nani kabla hawajaingia darasani, chifu ndo inabidi uwafundishe.