Kwa mwanangu aliyelilia mzee wa kuchorwa

Mwanangu,

Waalaikumu salaam. Ujumbe wako wa sauti niliupata siku ile ile, na kama umeona nimekawia kujibu, ni kwa sababu nilikuwa nasoma. Sikutaka kukujibu kwa simu, maana kwa simu ningekwambia "pole mwanangu" na mazungumzo yangeishia hapo.

Umeniuliza hivi. Baba yako alipofariki hukutoa chozi, si siku uliyofika, si kwenye hitima, si arobaini. Leo, miaka miwili imepita, unasoma vitabu vyako vya katuni za Kijapani, unafika ukurasa ambapo mzee mmoja anakufa, unalia mpaka mwenzako wa chumba cha pili anakuja kugonga mlango. Unataka kujua una kasoro gani. Iweje mtu alilie wino na karatasi, na baba yake mzazi asimlilie?

Huna kasoro yoyote. Uliyemlilia ni baba yako.

Sisemi hivyo ili kukubembeleza. Lile boksi uliloacha chini ya kitanda nililifungua, nikatoa juzuu zako 27 za Fullmetal Alchemist, nikazisoma zote. Kufungua kitabu kutoka kulia hakukunipa taabu, kwani chuoni tulianza hivyo hivyo na msahafu. Kilichonipa taabu mwanzoni ni kujua lini nisome maneno na lini nitulie nitazame. Nilipojua kutulia, nikajua kwa nini unavipenda.

Hiromu Arakawa, aliyeichora hadithi ile kati ya 2001 na 2010, alikulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko Hokkaido. Naamini mtu aliyezoea kuona mifugo ikizaliwa na kufa hapambi kifo, na yeye hakukipamba. Ndugu wawili, Edward na Alphonse, wanafiwa na mama wakiwa wadogo. Baba alishaondoka zamani, hawajui aliko. Wanatumia elimu yao ya alkemia, ya kugeuza kitu kiwe kingine, kujaribu kumfufua mama, na jaribio hilo linawavunja. Edward anapoteza mguu, Alphonse mwili mzima, kisha Edward anatoa na mkono wake wa kulia ili roho ya mdogo wake ipate kukaa ndani ya vazi la chuma. Halafu wanaichoma nyumba yao kwa mikono yao, wasiwe na pa kurudi. Nilisimama hapo nikaenda kunywa maji.

Ila niliyekuwa namngojea mimi ni baba yao, Hohenheim. Juzuu hadi juzuu Edward anamchukia, wala hamwiti baba. Mwishoni, Edward anapohangaika namna ya kumrudisha Alphonse, mzee anajitolea uhai wake ndio uwe malipo. Edward anamkatalia kwa ukali, anamtukana, na katikati ya matusi neno "baba" linamponyoka. Mzee analishika hilo hilo, kwamba hatimaye ameitwa baba. Baadaye anarudi kijijini peke yake, anapiga magoti kwenye kaburi la mkewe, anamwambia ameridhika na maisha aliyoyaishi, kisha anakiri kwamba hata hivyo bado angependa kuishi. Anafia pale pale. Anayemkuta ni bibi Pinako, jirani yao.

Ulisema ni hapo ulipolia. Sasa utazame tena ukurasa ule, uangalie nani hayupo. Wanawe hawapo. Wako mbali, mjini, na habari hawana.

Baba yako alikata roho alfajiri, wazee wakaamua azikwe baada ya alasiri, kwa kuwa maiti hacheleweshwi. Wewe ulikuwa Mwanza. Basi lako lilipoingia Tanga siku ya pili, kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Hukumwosha, hukumbeba, hukushuka kumpokea mwanandani. Ulipelekwa makaburini ukaoneshwa tuta la udongo mbichi, ukaambiwa baba yako amelala hapa. Uliporudi nyumbani ulikuta watu wamejaa, kila mmoja anakushika mkono na kukwambia ujikaze, wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii sasa. Ukajikaza. Ukaanza kuulizia mchele umebaki kiasi gani na nani anarudisha turubai. Nilikuwa nakuangalia kutoka ndani, nikiwa eda, na nilijua kwamba jambo lako bado halijaanza.

Arakawa alikuonesha ule ukurasa ambao kwetu hukuuona. Mzee, kaburi, utulivu, na mtu anayefika na kumkuta. Ulipofika hapo ulikuwa umeshafika msibani, mwanangu, na ukafanya kile ambacho mtoto hufanya msibani.

Nataka nikueleze habari za mtu mwingine, maana yeye alifanya jambo hili kwa makusudi, tena kwa miaka mingi. Aliitwa Keiji Nakazawa, mchoraji wa katuni wa Kijapani. Tarehe 6 Agosti 1945 alikuwa na miaka sita, yuko kwenye lango la shule huko Hiroshima, bomu la atomiki likapiga. Ukuta ulimkinga. Nyumbani, paa liliwaangukia baba yake, dada yake na mdogo wake wa kiume, wakabanwa chini ya mbao, na moto ukaja. Mama yake alikuwa nje, mja mzito, akijaribu kuwavuta na hawezi. Siku hiyo hiyo alijifungua mtoto wa kike barabarani, na mtoto yule naye hakuishi muda mrefu.

Nakazawa akakua, akahamia Tokyo kuwa mchoraji, na habari za bomu hakutaka kuzisikia. Watu walionusurika walikuwa wananyanyapaliwa, wanaogopwa kana kwamba wana ugonjwa wa kuambukiza, basi akanyamaza na kuchora hadithi za kuburudisha. Mwaka 1966 mama yake akafa. Wenzetu kule huchoma maiti, kisha ndugu hukusanyika kuokota mifupa kwa vijiti na kuiweka chomboni. Nakazawa alipokwenda kuokota mifupa ya mama yake hakukuta mifupa ya kuokota, ila vipande vidogo na majivu. Aliamini kwamba mionzi ilikuwa imemla mama yake hadi mifupani, na kwamba bomu lilikuwa limemnyang'anya hata hicho. Hasira ile ndiyo iliyomfungua. Alianza kuchora juu ya bomu, na mwaka 1973 akaanza Hadashi no Gen, yaani Gen wa miguu mitupu, katika gazeti la kila wiki la vijana, lile lile ambalo miaka ya baadaye lilikuja kuchapisha Naruto yako.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Nakazawa mwenyewe hakuwapo walipoungua baba, dada na mdogo wake. Alisimuliwa na mama yake. Lakini ndani ya kitabu, mtoto Gen yupo. Anasukuma mbao, anang'ang'ana, anamsikia mdogo wake akiita, na mwisho anaondoka kwa sababu baba anamwamuru aondoke na mama. Mtu mzima wa miaka zaidi ya thelathini alichukua kalamu, akajiweka mahali ambapo hatima haikumweka. Naona alitaka kuwapo, hata kama kuwapo kwenyewe ni kuumia upya. Na hakuishia hapo. Baadaye kidogo Gen anakutana na mtoto yatima, Ryuta, anayefanana sana na mdogo wake aliyekufa, na wanamchukua nyumbani akawa wao. Katika maisha hakuna aliyemrudishia Nakazawa mdogo wake. Katika kitabu alimtafutia ndugu wa kumlea.

Dada yako alinipatia juzuu mbili za kwanza tu. Ni kitabu kizito, na sikushangaa kusikia kwamba kuna mji huko Japani, Matsue, uliokiondoa kwenye rafu za wazi za maktaba za shule, kisha ukabadili uamuzi huo mwaka 2013. Nimefundisha Kiswahili kwa muda mrefu na nayajua mabishano hayo, maana kwetu Rosa Mistika ya Kezilahabi nayo iliwahi kukataliwa mashuleni. Watu wazima huogopa mtoto asijue uchungu, na huku mtoto mwenyewe keshaujua zamani, anatafuta tu mtu wa kumwambia kwamba ameuona.

Umeniambia pia kwamba rafiki yako anakulaumu kwa kurudia rudia hadithi zinazokuumiza, anasema unajitonesha kidonda. Ana nia njema, ila sikubaliani naye. Ipo hadithi fupi ya Moto Hagio, ya mwaka 1992, inaitwa Iguana no Musume. Binti anazaliwa, na mama yake kila akimtazama anaona mjusi mkubwa. Watu wengine wote wanaona msichana mzuri tu. Binti anakua akijiona mjusi vile vile, kwa sababu jicho la mama ndilo kioo chake. Mama anakufa. Binti anapomtazama maiti usoni, anaona uso wa mjusi, tena ni uso wake mwenyewe. Ndipo anapojua kwamba mama alikuwa akichukia ndani ya mwanawe kile alichokificha ndani yake.

Hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko zote. Bibi yako, mama yangu, alikuwa mkali kwangu kuliko kwa wajomba zako, na hakuna siku aliyonieleza sababu. Amekwenda na siri yake. Kila nikiisoma ile hadithi nazidi kumsogelea, na sijawahi kutoka pale nikiwa nimeumia kuliko nilivyoingia. Kwa hiyo usiulize kama hadithi inauma. Uliza unapoifunga unakuwaje. Ukiifunga ukatamani kumpigia mtu simu, kula, kuoga, kwenda kazini, endelea kuirudia. Ukiifunga ukatamani kujifungia ndani siku tatu, iweke pembeni.

Na si hadithi zote zinastahili machozi yako. Katika boksi lile nimekuta nyingine ambazo wanawake wanauawa ili tu shujaa apate hasira ya kupigana ukurasa unaofuata. Hakuna anayewazika. Hizo sikuzimaliza. Linganisha na Arakawa anapomzika Maes Hughes, yule askari rafiki wa kina Edward: binti yake mdogo, Elicia, anauliza mbona wanamfukia baba, na baba alisema ana kazi nyingi za kufanya. Hapo hakuna vita, hakuna shujaa, ni mtoto na swali lake na watu wazima wasio na jibu. Mchoraji aliyetoa nafasi kwa swali hilo ni mtu aliyependa watu wake aliowachora, na wewe msomaji unapendwa pamoja nao.

Nina jambo moja zaidi la kukwambia, na nimelihifadhi kwa sababu siku za msiba hukuwa na masikio. Unakumbuka Hohenheim alipomwomba Pinako picha moja tu, ile ambayo wamo wote wanne? Baba yako ulimjua kama mtu wa kuondoka. Tunduma, Kasumbalesa, Lubumbashi, foleni za mpakani za wiki nzima, anarudi nyumbani amechoka, analala, anaondoka. Najua uliwahi kumwambia dada yako kwamba humjui yule mzee. Baada ya hitima, yule utingo wake wa mwisho alikuja kunisalimu, akanipa bahasha iliyokuwa kwenye lori, nyuma ya kivuli cha jua upande wa dereva. Ndani yake kuna nakala ya matokeo yako ya kidato cha nne, ameifunika plastiki. Utingo anasema kila walipokwama mpakani mzee aliitoa akawaonesha madereva wenzake, wakubwa kwa wadogo, Wazambia na Wakongo, na wengine walishaiona mara kadhaa wakawa wanamtania.

Hakuwahi kukwambia. Malezi yake hayakumfundisha kumwambia mtoto wa kiume maneno ya namna hiyo, na nilimwomba mara nyingi akwambie. Bahasha ninayo kabatini, ni yako.

Kuhusu usingizi: umesema hulali vizuri tangu siku ile ya ukurasa. Kulia kwa siku chache hakunitishi. Lakini ikiwa mwezi utakwisha bado unaamka saa tisa za usiku na hurudi kulala, nenda hospitali umwone daktari, uombe kuonana na mnasihi, wala usione haya. Vitabu haviwezi kukuuliza swali ukajibu, na kuna maswali unahitaji kuulizwa. Mimi pia naweza kuuliza. Nipigie usiku huo huo, siku hizi sizimi simu.

Idd njoo. Nimeongea na baba mdogo wako, atakupeleka makaburini asubuhi mapema kabla watu hawajaamka kutembeleana, mtasoma Yasini mkiwa wawili tu, na utakaa pale kadiri utakavyo. Ukipita Dar uniulizie juzuu ya tatu ya Gen. Nimeachia mahali ambapo mama yake ana mtoto mchanga na hana maziwa, na siwezi kungoja mpaka dada yako apate nafasi ya kunitafutia.

Wako,
Mama